Mtaa Ulioandikwa Hauhitaji

Nyie vijana mnaopita kwetu Mtoni na ngazi begani, makoti ya kung'aa na kofia ngumu kichwani, nawaona. Nawaona mnavyosimama kwenye kona, mnavyotazama juu ya nguzo, mnavyoandika kwenye simu zenu, kisha mnaondoka bila kumsalimu mtu. Msidhani yule bibi anayeanika dagaa barazani ni bibi wa dagaa tu. Nimeifanya kazi yenu tangu simu ilipokuwa na mkia wa waya, nikaiacha faiba, ule waya wa mtandao, ikiwa imeshaingia majumbani. Magoti niliyonayo leo yameharibiwa na nguzo za Keko, Mikocheni na hapahapa kwetu.

Sina hamu ya kutoa hotuba. Nimechoka, na hotuba nimesikiliza nyingi. Naandika kwa sababu majuzi mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, na pale ikasomwa karatasi niliyoitia saini mwenyewe. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze nilivyofundishwa kazi, maana bila hilo hamtaona nilipokosea.

Aliyenifundisha ni Mzee Likwena, Mmakonde wa Newala, mtu wa maneno machache na vidole vinene ambavyo hungedhani vinaweza kushika waya mwembamba. Alikuwa akiunga nyaya za shaba jozi kwa jozi, rangi kwa rangi, bila kutazama. Akikosa kipimo, analamba ncha mbili za waya, anakunja uso, anasema, "Huyu mzima." Nami nikajaribu siku moja, kijana mwenye kiherehere. Ulimi wangu uko kwenye waya, mtu huko mjini akaamua kumpigia simu mwenye nyumba. Kengele ilipolia, umeme wake wote ukapita kinywani mwangu. Siku mbili nilikuwa nakunywa uji tu, na Mzee Likwena ananiuliza kila asubuhi, "Nani alikuwa anapiga?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima njia. Mpimaji hutangulia, kikosi cha kuvuta waya kinafuata baada ya wiki, na wanazungumza kwa alama za ukutani. Mshale ni waya unaelekea huku. Duara ni nguzo itasimama hapa. X ni kwamba waya unateremka kwenye nyumba hii, mwenyewe anapewa huduma. Hizo zilikuwa alama za zamani za mafundi wa kwetu, nasi tulizirithi kama mtu anavyorithi koleo. Lakini Mzee Likwena hakuchora hata mshale kabla hajabisha hodi. "Ukuta una mwenyewe," alikuwa akisema. Anasalimia, anaulizwa habari za kwao, anakunywa maji akipewa, ndipo anachora. Mabosi walimfokea mpaka anastaafu. Nyumba moja ilimchukua hata saa nzima.

Faiba ilipokuja, ikaja na hesabu ya nyumba ngapi kwa siku. Kubisha hodi kukafa hivihivi, wala hakuna aliyekupiga marufuku. Tulikosa muda tu.

Keko nilijifunza kitu kingine. Pale mafundi seremala wanapanga makabati barabarani, na uchochoro mmoja tulipitisha waya chini kidogo kuliko inavyotakiwa kwa sababu nguzo zilikuwa fupi. Kila Jumamosi mtandao unakatika. Tunaenda, tunaunga, tunarudi, Jumamosi inayofuata umekatika tena. Nilisafisha nyuzi zile kwa spiriti mpaka mikono ikapauka. Mwisho nikaamua kukaa pale kutwa nzima nikatazame. Saa nne likapita kabati la harusi juu ya mkokoteni, limesimamishwa wima lisichubuke, likabeba waya wetu likaondoka nao.

Seremala mmoja, Fundi Ng'itu, alinicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachukua mbao mbili, akazipiga misumari zikawa panda, akauinua waya wetu juu ya paa la banda lake. Ile panda iko pale mpaka leo, na kampuni haijawahi kuja na kitu bora zaidi. Nikamuuliza kwa nini anahangaika na waya usio wake. Akanijibu, "Dada, umeme ukikatika mie napiga msasa kwa mkono. Maji yakikatika nanunua dumu. Huu mtandao ukikatika, mteja aliyekuwa anaangalia picha ya kitanda changu anahamia kwa mwingine, hata hanijui kama nilikuwepo."

Wakati ule nilikuwa namwona anatia chumvi. Ofisini bosi wetu alikuwa akisema, "Sisi hatuleti maji hapa. Tunauza huduma kwa anayeitaka." Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Mikocheni sitawachosha nayo. Mageti, mbwa, mlinzi anayekuuliza jina mara tatu. Kuna mama alitaka waya upakwe rangi ya ukuta wake, tukasubiri mpaka rangi ilipokauka. Ninachokumbuka ni kwamba Mikocheni hakuna aliyewahi kuuliza kama watu wanahitaji. Tulipewa ramani, tukavuta.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Kampuni ilikuwa imeshapitisha faiba kandokando ya barabara ya Kilwa, ikaamua iingie mitaa ya ndani, na kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa Mtoni nikapewa nikapime kwetu. Uchochoro wangu mwenyewe haukuwa kwenye ramani, ila mtaa wa mbele yangu ulikuwemo. Nilifurahi, wanangu. Niliona nitawaachia majirani zangu kitu kabla sijavua koti.

Agizo lilikuwa tuchore kwa rangi ya buluu. Asubuhi ile buluu ilikuwa imekwisha. Mtunza stoo akanisukumia kopo la rangi nyekundu, akasema, "Rangi ni rangi, mama." Ningeweza kusubiri siku mbili. Sikusubiri, kwa sababu hesabu ya nyumba za siku ilikuwa inanidai. Nikaingia mtaani saa sita mchana, jua la utosini, wengi wako sokoni na makazini, nikachora X nyekundu kwenye kuta za watu ninaozikana nao.

Mkazi wa Dar anayesoma hapa ameshashika kichwa. X nyekundu ukutani kwetu ina maana moja tu, kwamba nyumba hii inabomolewa. Na mimi nilijua. Barabara ilipopanuliwa niliwaona majirani wakivua mabati yao kwa mikono yao kabla tingatinga halijafika, nikawasaidia kubeba vitanda. Lakini baada ya miaka yote ile kazini, X machoni pangu ilikuwa nyumba inayopewa. Sikukumbuka kabisa kwamba kwa watu wengine ni nyumba inayochukuliwa. Kama ningebisha hodi mlango mmoja tu, mtu angepiga kelele, nami ningeshtuka.

Kesho yake nikapelekwa Mikocheni kwa wiki tatu, natoka alfajiri, narudi sina hata nguvu ya kukaa barazani. Huku nyuma mtaa ulikuwa umechafuka. Mama mmoja alipandwa na presha akalazwa. Mzee Pazi, fundi cherehani, alishavua mabati ya chumba cha uani. Mama Rehema, ambaye nyumba yake inatazamana na uchochoro wangu, hakulia wala hakuvua bati. Alichukua brashi ya chuma, sabuni ya mche na ndoo, akaisugua ile X mpaka plasta ikabanduka, kisha akapaka chokaa ukuta mzima. Majirani kuona hivyo, nao wakapaka. Mimi nilipopita nikaziona kuta nyeupe, nikadhani watu wanajiandaa na Idi.

Kikosi cha kuvuta waya kilipofika hakikukuta alama hata moja. Vijana wakauliza nyumba zilizopigwa X ziko wapi, wakatolewa mbio na wanawake wenye michi ya kutwangia. Mmoja alimwagiwa maji ya dagaa. Kiongozi wao akatoa fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu: kazi imekamilika, haiwezekani kiufundi, wakazi hawahitaji huduma. Akatia tiki kile cha tatu, akaniletea nisaini kama mpimaji wa eneo.

Nilimsikiliza akisimulia, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Kuta nyeupe, kopo jekundu, yote. Ningesema kweli, ningekiri nimevunja agizo la rangi, mwaka wenyewe wa kustaafu, nikaondoka kazini nikiwa gumzo. Nikasaini. Kufumba na kufumbua, mtaa mzima ukawa hauhitaji.

Kwa miaka iliyofuata Mama Rehema amekuwa akiisimulia ile X kwenye kila shughuli. Ananyanyua mkono. "Kwa mkono huu nimeisugua! Wamerudi? Hawajarudi!" Wanawake vigelegele. Nami nilikuwa miongoni mwao, napiga vigelegele.

Mngeweza kusema basi, bibi, hakuna aliyeumia, ni waya tu. Mimi pia nilijiambia hivyo. Mpaka Rehema alipokua.

Rehema ni mtoto pekee wa yule mama. Anatembea kwa magongo tangu udogo wake, na kichwa chake ni chepesi kuliko cha sisi wote mtaani. Aliomba kazi ya kusikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, kazi unayoifanya umekaa nyumbani kwenu. Siku ya usaili alivaa vizuri, akaketi mbele ya kompyuta sebuleni, bando ameshaweka. Swali la pili picha ikaganda. Akaenda uani, ikaganda. Akatoka barazani kwa magongo yake, kompyuta kaikumbatia mama yake, mtaa mzima tunatazama. Walipompata tena wakamuuliza kama nyumbani ana mtandao wa waya. Akasema hana. Wakamwambia akiupata awarudie.

Shangazi yake anaishi Mikocheni, na kule waya upo. Rehema akahamia, akapewa ile kazi. Nusu ya siku anafanya kazi yake, nusu anaosha vyombo na kulea watoto wa shangazi, maana hakuna aliyesema hivyo wazi lakini ndivyo anavyolipia ule mtandao. Anakuja kumwona mama yake Jumapili, akiweza. Mama Rehema presha inampanda, anaishi peke yake. Kila nikimwona ameketi kibarazani hana wa kuongea naye, roho yangu inaniuma, na nasema hivyo bila kuzunguka.

Ndipo ukaja huo mkutano wa majuzi. Afisa mmoja alikuja kutusikiliza, akasema kuna mawazo kwamba mtandao wa nyumbani uhesabiwe sawa na maji na umeme, kila mtaa uwe na haki ya kufikiwa. Akauliza tunaonaje.

Mzee Pazi akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, nyie mkiufanya kama maji, si utakuja Jumanne na Ijumaa?"

Watu wakacheka mpaka viti vikayumba. Mwingine akasema afadhali wafanyabiashara, ukiwalipa wanakuja. Kijana wa saluni akasema, "Braza, sie tunalipa kila siku bando linaisha kabla ya mchana, na hao wa Mikocheni wanalipa mara moja kwa mwezi. Nani anaibiwa hapo?" Kukawa na kelele. Nami nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nimenyamaza, mimi niliyekula mshahara wa waya huo maisha yangu yote.

Afisa akafungua jalada. Akasema kwa upole kwamba, kwa kumbukumbu zilizopo, mtaa huu ulishapelekewa huduma na wakazi wakaikataa. Akasoma: wakazi hawahitaji.

Mama Rehema akasimama. "Nani alikataa? Mheshimiwa, nani aliulizwa? Mie mwanangu yuko kwa watu anaosha masufuria kwa ajili ya huo mtandao, halafu unaniambia nilikataa?"

Afisa akasema karatasi imesainiwa. Hakusoma jina. Nikajitazama miguu.

Usiku wake sikulala, na asubuhi nikabisha hodi kwake. Nilimkuta na ungo wa mchele.

"Karibu, Mama Shabani. Mapema hivi, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nina neno."

Nikamwambia lote nikiwa nimesimama. Kwamba X niliichora mimi. Kwamba haikuwa ya kubomoa, ilikuwa ya kumpa waya. Kwamba karatasi nilisaini mimi.

Akaendelea kuchambua, chuya huku, mchele huku. Nilitamani anitukane.

"Siku ile nilikuwemo ndani," akasema mwishowe. "Napika. Nilisikia brashi inapita ukutani, nikadhani mbuzi anajikuna. Mama Shabani, kutoka pale ulipokuwa unachora mpaka mlangoni kwangu ni hatua mbili. Ulishindwa kubisha?"

Nikauangalia ule mlango.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mie nilidhani ni maneno ya khanga tu." Akaweka ungo chini. "Sitakutukana, sote tumeshazeeka. Lakini utazunguka. Nyumba kwa nyumba, uwaambie kama ulivyoniambia mie. Na Rehema utamwambia mwenyewe, mie sina mdomo huo."

Nikazunguka. Siku mbili, kwa magoti haya. "Hodi, mie ndiye niliyeandika kwamba hamhitaji." Wengine walicheka, mmoja alinifungia mlango usoni. Mzee Pazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nina mabati. Rehema nilimpigia simu. Nikasikia watoto wa shangazi wanalia nyuma yake, akasema, "Shikamoo, bibi," kana kwamba ndiyo kwanza tunaanza kuongea, akakata. Tukaandika barua kwa mwenyekiti kwamba mtaa huu haukuwahi kuulizwa, nikaweka jina langu likawa la kwanza kabisa.

Wanangu, msiniulize habari za sheria, sizijui. Najua waya haujivuti wenyewe na nguzo ina gharama, na Mzee Pazi hakosei, mabomba yetu mengine yanatoa upepo. Ila ninachokijua ni fomu. Nimeishi na maji ya shida miaka yote na sijawahi kuona karatasi yenye kisanduku cha kusema wakazi hawahitaji maji. Yasipokuja, aibu ni ya anayepaswa kuyaleta, na tunamsema hadharani. Mtandao usipokuja, aibu tumebebeshwa sisi, na kalamu iliyotubebesha nilishika mimi. Uhesabiwe kama maji, hata kama ni kwa ajili ya kukifuta kile kisanduku tu.

Na mpaka hapo watakapokifuta, nyie mnaopita na makopo ya rangi, bisheni hodi. Mkipewa maji, kunyweni.

Wiki iliyofuata wapimaji wapya walikuja, wawili, na rangi ya buluu. Binti mmoja akataka kuchora kwenye ukuta wa Mama Rehema. Mama Rehema akamzuia, akamnyang'anya brashi kwa adabu, akanipa mimi. "Chora wewe," akasema. Nikachora, X ikatoka imepinda mguu mmoja.

Hiyo ilikuwa kabla ya Idi. Idi imepita. Alipaka chokaa ukuta wote kama kawaida yake, ila pale kwenye alama brashi yake ilizunguka, akaiacha buluu katikati ya weupe. Waya haujafika. Rehema bado yuko Mikocheni. Kila asubuhi nikitoka kuanika dagaa, mama yake ananiita toka kibarazani kwake, kana kwamba bado niko kazini.

"Mama Shabani, wamekuja?"

"Bado," namjibu.